Pembe ya Debwani

Jumamosi ya tarehe 6 Julai 2024, saa nne asubuhi, kitambaa kimoja cha zamani kilikuwa kimetandazwa juu ya mkeka katika sebule ya Bi Batuli, mtaani Cheyo, mjini Tabora. Kilikuwa cha vidirisha vidogo vya buluu na vyeupe, na upande mmoja ulipita mkanda mpana mwekundu uliopakana na mistari ya njano. Katika pembe moja palikuwa na duara hafifu, lenye mikunjo, ambalo halikufanana na sehemu nyingine za nguo. Dokta Dafrosa alikuwa ameliona duara hilo mwaka uliotangulia, akalipima, akaandika: doa, sababu haijulikani.

Nguo hiyo iliitwa debwani. Zamani nguo ziliposafiri kwa vichwa vya watu kutoka pwani kwenda Unyanyembe, eneo la Tabora, debwani zilifumwa Maskati na ziliuzwa ghali kuliko vitambaa vya kawaida vya merikani na kaniki. Dafrosa alifundisha historia ya uchumi katika chuo kikuu kimoja jijini Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa alikuwa akifuatilia nguo hizo. Alitaka kuonyesha kwamba watu wa bara hawakuwa wapokeaji wa lolote walilotupiwa. Walichagua. Mkanda mwekundu ukipungua upana kidogo, mzigo mzima ulikataliwa, na fundi wa kiwandani, ng'ambo ya bahari, akalazimika kubadili mtambo wake kwa sababu ya mwanamke wa Unyamwezi ambaye hatamwona maishani. Kuyaandika hayo ni rahisi. Dafrosa alitaka kuyathibitisha, na nguo zenyewe zilikuwa zimekwisha kuchakaa na kuoza. Alizozipata mkoa mzima hazikujaza mkoba, na ya Bi Batuli ndiyo pekee iliyobaki nzima.

Kwa Bi Batuli debwani haikuwa mfano wa chochote. Ilikuwa jibu. Mama wa bibi yake, Bi Sayi, alikuwa binti wa Kinyamwezi wa upande wa Kwihara. Alichukuliwa na mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyekuwa tayari na mke kutoka pwani. Waliozaliwa na mke wa kwanza walijiita nyumba kubwa. Tangu hapo, kizazi kwa kizazi, nyumba kubwa walisema, wakati mwingine kwa mzaha na wakati mwingine bila mzaha, kwamba Bi Sayi hakuolewa: alikuwa suria, alinunuliwa. Bi Batuli hakubishana nao. Arusi ikifika, debwani ilitolewa sandukuni na mama wa bibi arusi akajifunga nayo kiunoni kuwapokea wakwe. Kila mtu alijua maana yake. Ile ilikuwa mkaja uliotolewa kwa ajili ya Bi Sayi, nguo ambayo mwoaji humpa mama mkwe kuheshimu kiuno kilichobeba mimba. Suria halipiwi mkaja. Aliyemnunua mtu hamtafuti mama yake.

Arusi ya Najiat, mjukuu wake, ilikuwa mwezi wa Agosti. Mama yake Najiat alikwisha fariki, kwa hiyo safari hii Bi Batuli angejifunga debwani mwenyewe.

"Shikamoo, Bi Batuli."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Nyuzi zangu zimerudi kutoka Ulaya? Zimesemaje huko?"

"Zimejifunza Kizungu, shangazi," alisema Shomari kutoka kwenye kochi. "Sasa zitatuhitaji mkalimani."

Shomari alikuwa fundi cherehani sokoni, mtu wa nyumba kubwa, na ulimi wake haukujua likizo. Bi Batuli alikuwa amemwita kwa makusudi.

"Nimekuita usikie kwa masikio yako mwenyewe," alimwambia. "Usije ukasema umehadithiwa."

"Nipo, shangazi. Hata kibanda nimefunga. Wateja wangu leo watatembea uchi kwa ajili yako."

Najiat alicheka, akaweka birika mezani. Dafrosa alifungua kompyuta yake. Nyuzi chache zilizokuwa zimejichomokea zenyewe kwenye matamvua alizituma maabara nje ya nchi kwa idhini ya Bi Batuli, na alikuwa ameahidi kwamba matokeo yatarudi kwa mwenye nguo kabla ya kusomwa na mtu mwingine yeyote. Wenzake wengi huahidi hivyo kisha husahau. Yeye hakusahau, na asubuhi ile alikuwa na fahari kidogo kwa sababu hiyo.

Alieleza kwa utaratibu. Uzi ulikuwa na unene mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, maana yake ulisokotwa na mashine. Rangi nyekundu ilitengenezwa kwa kemikali ambazo viwanda vilianza kuziuza baada ya mwaka 1869. Nguo haikufumwa Maskati. Ilifumwa kiwandani Ulaya, yumkini Uingereza au Uholanzi, kwa kuiga ile ya Maskati.

Bi Batuli alikuwa akimtazama mdomoni.

"Si ya Maskati?"

"Si ya Maskati, Bi Batuli."

"Kumbe Mchina alianza zamani!" Shomari alipiga goti lake. "Shangazi, bibi alipigwa mchana kweupe."

"Mjomba, acha bwana," alisema Najiat.

"Naacha nini? Nauliza tu. Mimi vitambaa ndiyo kazi yangu. Cha kuiga kina bei ya kuiga. Dokta, hivi si ndivyo walivyolipwa wapagazi?"

"Wapagazi walilipwa nguo za aina nyingi."

"Na hii?"

"Hata hii iliwahi kulipwa kwa wapagazi, ndiyo."

"Haya basi," alisema Shomari, akaegemea kochi kama mtu aliyemaliza kula.

Bi Batuli hakumgeukia. Alinyoosha mkono akagusa mkanda mwekundu kwa ncha za vidole.

"Mwanangu, nijibu hili. Na mama wa bibi arusi, wakati ule, angeweza kupewa hii? Ikawa heshima?"

Swali lilikuwa sahihi, na Dafrosa alikuwa na kitu cha kulijibu. Alikuwa amesoma taarifa ya wakala mmoja wa biashara wa Zanzibar, aliyeandika kwamba wanunuzi wa Unyanyembe walikuwa wakiikataa debwani halisi ya Maskati na kuiulizia ile ya kiwandani, hasa kwa ajili ya arusi. Ikiwa ni kweli, ya kuiga ndiyo iliyokuwa na heshima zaidi. Lakini wakala yule hakuwahi kutoka Zanzibar, alikuwa na nguo za kiwandani za kuuza, na hakuna aliyeunga mkono maneno yake. Dafrosa aliwafundisha wanafunzi wake kwamba shahidi mmoja mwenye duka si shahidi. Asubuhi ile alijifundisha mwenyewe.

"Kuhusu hilo sina ushahidi wa kutosha," alisema.

"Huna."

"Kwa sasa sina."

Bi Batuli aliikunja debwani, akaanza na pembe zenye matamvua, akamaliza na ile yenye duara. Aliibeba ndani mwenyewe. Chai aliyomwandalia mgeni ilinywewa na Shomari.

Najiat alimsindikiza Dafrosa hadi barabarani.

"Dokta, ndiyo yote uliyokuwa nayo?"

"Nilisema yote niliyoyathibitisha."

"Sikuuliza hivyo," alisema Najiat.

Picha za arusi zilimfikia Dafrosa kwa simu mwishoni mwa Agosti. Alizikuza moja baada ya nyingine. Katika picha ya kupokea wakwe, Bi Batuli alikuwa amevaa kitenge kipya cha kijani, na kiunoni hapakuwa na kitu. Nyuma yake Shomari alikuwa akicheka, mkono mdomoni, akimnong'oneza mtu aliyekatwa na ukingo wa picha.

Dafrosa alipiga simu jioni hiyohiyo. Alipongeza, akaulizia maharusi, kisha akauliza kuhusu debwani.

"Ipo sandukuni," alisema Bi Batuli. "Mpwa wangu amekwisha kuitangaza sokoni kote. Nikijifunga nayo, watu wataangalia kiuno changu badala ya kumwangalia bibi arusi."

"Samahani sana, Bi Batuli."

"Samahani ya nini? Uliniambia ukweli. Mwingine angenidanganya kwa ajili ya kunifurahisha. Nakushukuru, mwanangu."

Shukrani hiyo Dafrosa aliibeba kwa miezi. Angependelea kutukanwa.

Alifanya alilolijua, yaani alirudi kwenye kazi. Kama jibu la Bi Batuli lilikosa shahidi wa pili, basi shahidi angetafutwa. Nyaraka hazikumpa. Februari 2025 alichukua likizo ya utafiti, akapanda treni ya Mwanza na kushuka Bukene, alikokuwa ameelekezwa kwa Mzee Wilbroad, katekista mstaafu wa Kikatoliki na mkulima wa mpunga, ambaye ukoo wake ulisifika kwa kukumbuka posa za zamani.

Mzee Wilbroad alimpokea uani, akibangua karanga. Alimsukumia ungo mwingine bila kuuliza, na mazungumzo yakafanyika mikono ikiwa kazini.

"Debwani? Naijua kwa kuambiwa. Bibi mzaa baba alikuwa akisimulia ya mama yake. Waliletewa moja ya Maskati, nzuri, inang'aa. Wakaikataa."

"Kwa nini waliikataa, mzee?"

"Si ilitoa rangi!" Alisema kama vile Dafrosa ndiye aliyeileta. "Nguo ya mama haipokelewi hivihivi. Unachukua pembe moja unailowesha maji, unaifunga fundo pamoja na merikani nyeupe, unaiacha ilale. Asubuhi unafungua. Merikani ikiwa na wekundu, nguo inarudi, na aliyeileta anarudi nayo."

"Yote hayo kwa sababu ya rangi?"

"Wewe umesoma, lakini hujacheza ngoma. Mama wa bibi arusi anajifunga ile nguo anacheza. Jasho linamtoka, mvua inamkuta. Wekundu ukianza kumchirizika miguuni mbele ya wakwe, watasema nini?"

Dafrosa alicheka kabla hajajizuia. Mzee naye alicheka mpaka karanga zikamwagika.

"Wakaambiwa kalete ile ya mzungu," aliendelea. "Hiyo ilikuwa haitoi hata uichemshe. Ndiyo waliyoitaka wote huku. Ya Maskati waliachiwa wasiojua."

"Na nguo za wapagazi? Zililoweshwa nazo?"

"Nani amloweshee mpagazi? Alipewa akaenda. Na mtu wa kununuliwa nani amloweshee, mama yake yuko wapi? Ni ya mkwe tu, binti yangu. Ni ya mkwe tu."

Mikono ya Dafrosa ilikuwa imesimama. Alikuwa akiliona lile duara la pembeni, na mikunjo yake iliyoelekea katikati, kama ilivyo nguo iliyofungwa fundo ikiwa mbichi. Jioni alifungua picha zake kwenye kompyuta akalikuta vilevile. Mtu mmoja, huko Kwihara, aliloweka pembe ile, akafunga fundo, akangoja kuche. Mtu huyo hakuwa na sababu ya kufanya hivyo isipokuwa alikuwa mama, na binti yake alikuwa anaolewa.

Kesho yake, Mzee Wilbroad alipoambiwa habari za Bi Batuli, alifuta mikono kwenye suruali.

"Yu hai huyo bibi?"

"Yu hai."

"Mpigie basi. Simu si hiyo hapo?"

Simu ilikuwa mkononi kweli, na mtandao ulikuwepo. Dafrosa alijieleza kwamba jambo kama lile halisemwi kwa simu. Sababu ya kweli alikuwa anaijua. Mara ya kwanza alimvunja moyo yule mama kwa kusema lililothibitishwa. Kama sasa angemwinua kwa neno la mzee mmoja, halafu neno likaanguka, angekuwa amemvunja mara ya pili. Wilbroad hakuwa na duka la nguo, lakini bado alikuwa mmoja.

"Nitamwambia ana kwa ana," alisema, "nikishakamilisha."

Mzee Wilbroad alirudi kwenye karanga zake. "Haya," alisema. "Wewe ndiwe mwenye kazi."

Alikamilisha. Alizunguka vijiji vya Nzega, mahali pengi pasipo na mtandao, akiwauliza watu wasiokuwa na undugu na Wilbroad wala kufahamiana naye. Hakuwatajia maji wala fundo. Aliuliza tu nguo ya mkwe ilipokelewaje. Familia moja ya Wamoraviani ilimsimulia fundo lilelile. Nyumba nyingine, mbali na hiyo, walikuwa na maelezo yaleyale, ila wao walitumia maji ya moto. Alinakili mazungumzo yote neno kwa neno, akayalinganisha, akaridhika. Wiki ya pili ya Machi alipanda basi la Tabora akiwa na picha ya ile pembe, ameikuza na kuichapa kwenye karatasi ngumu, ili Bi Batuli aione bila miwani.

Katika uwanja wa nyumba ya Cheyo kulikuwa na majivu ya mafiga makubwa, aina ya yale yanayopikiwa watu wengi. Najiat alifungua mlango. Alikuwa amejitanda nguo nyeusi.

"Lini?" aliuliza Dafrosa.

"Jumanne iliyopita. Alilala siku chache tu. Nilikupigia, ulikuwa hupatikani."

"Pole, Najiat. Pole sana, mdogo wangu."

"Tumeshapoa. Ingia."

Ndani alikuwepo Shomari, ameketi chini kwenye mkeka, kochi lote tupu nyuma yake. Aliitikia salamu kwa sauti ndogo. Dafrosa aliwapa pole tena, na alipoona kwamba hakuna wakati mzuri utakaofika, alieleza. Alianza na taarifa ya wakala wa Zanzibar, ambayo alikuwa nayo tangu mwanzo. Akafuatisha Bukene, maji, fundo, merikani nyeupe, na zile nyumba mbili. Akaweka picha ya pembe juu ya mkeka.

Najiat aliiangalia muda mrefu.

"Kwa hiyo hili duara ni mama yake Bi Sayi."

"Ndiyo."

"Na hiyo ya Zanzibar ulikuwa nayo siku ile. Bibi alipokuuliza."

"Nilikuwa nayo. Ilikuwa haijathibitishwa."

"Na ya Bukene umeipata lini?"

Dafrosa alimwambia. Najiat alihesabu, midomo ikicheza. Bi Batuli alikuwa mzima wakati ule. Hilo wote watatu walilijua.

"Mimi nilikuwa natania," alisema Shomari.

"Ulitania miezi minane, mjomba."

"Angenikaripia, ningeacha. Siku zote alikuwa ananikaripia." Alisukuma picha kidogo kwa kidole, akairudisha ilipokuwa. "Safari hii hakunikaripia."

Dafrosa aliuliza kama angeweza kuiona debwani, aitazame ile pembe kwa macho.

"Haipo," alisema Najiat. "Bibi mwenyewe alisema tumsitiri nayo wakati wa kuoshwa. Akasema, kwa kuwa si nguo ya kuwekwa, itumike. Na za kuoshea wanachukua waosha, unajua."

Dafrosa alijua. Nguo aliyofunikwa nayo maiti wakati wa kuoshwa huwa haki ya waliomwosha, na hairudi nyumbani. Aliomba kupelekwa.

Mama Majidi, aliyeongoza kuosha, aliishi nyuma ya nyumba hiyo, na walimkuta akianika unga. Shomari hakutoka nao.

"Tuligawana," alisema mama Majidi. "Tulikuwa watatu, tukaikata vipande vitatu. Yenye ile pembe unayosema alichukua mwenzetu, kaondoka nayo kwenda kwa bintiye Urambo, akasema atamfanyia mtoto nepi. Yangu ile pale."

Ilikuwa imefunika ndoo ya maji, imefungwa kwa kamba ya katani. Dafrosa aliinama. Vidirisha vya buluu vilikuwepo, na mkanda mwekundu, umekatwa katikati. Pembe haikuwepo. Aliomba ruhusa ya kupiga picha, akapiga.

"Lakini nguo ile ilinitia hofu," alisema mama Majidi. "Siku ile nilimwambia huyu Najiat, mwanangu tutafute nyingine. Hii nyekundu, tena ya zamani, ikilowa itatoa rangi, itamchafulia bibi sanda. Akaniambia bibi kasema hii."

"Ikawaje?" aliuliza Dafrosa.

"Ikawa hiyohiyo. Tukamfunika, tukamwagia maji mpaka mwisho, nguo imelowa chapachapa imemshika mwili. Tukaiondoa, tukamkausha kwa kitambaa cheupe, tukamweka kwenye sanda."

"Na sanda?"

"Sanda imefanya nini?"

"Ilishika wekundu?"

"Haikushika."

"Una hakika, mama Majidi?"

"Niliikunja mimi kwa mikono yangu, nikaifunga kichwani na miguuni. Ilikuwa nyeupe."

Dafrosa alimgeukia Najiat.

"Nilikuwepo," alisema Najiat. "Ilikuwa nyeupe."